Kudarizi, Kufuma na Kupika kwa Jicho la Ufeministi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wafeministi si ndio waliotaka wanawake watoke jikoni? Imekuwaje sasa wanarudi na sindano mkononi?

Sufuria na sindano hazikuwahi kuwa na kosa. Ugomvi ulikuwa juu ya kulazimishwa, kutolipwa na kutotajwa. Hadi leo kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinatambua nguo uliyoifuma nyumbani kwa matumizi ya familia, kwa kuwa hiyo ni bidhaa, lakini hazihesabu chakula ulichopika wala mtoto uliyemwogesha, kwa kuwa hizo zinaitwa huduma. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa zinafanywa na wanawake.

Ni kweli, wapo waliotupa sindano moja kwa moja, na wana haki yao. Aliyefundishwa kudarizi ili ainamishe kichwa na kunyamaza hawezi kulaumiwa akikikataa kitambaa. Ila kutupa huko kulikuwa na hasara yake. Ukisema kushona ni upuuzi, umekubaliana na yule yule aliyekuwa anadharau washonaji.

Kipimo chetu ni maswali matatu. Nani ameamua kazi hii ifanyike? Nani anapata pesa au sifa yake? Na anayeifanya, akichoka, anaweza kuiacha bila kuadhibiwa? Majibu yakiwa mabaya, hakuna urembo wa uzi utakaoyaficha.

Wazo la kurudisha heshima ya kazi hizi ni la lini?

Ni kongwe kuliko mitandao. Wanawake wa Uingereza waliodai kura mwanzoni mwa karne ya 20 waliandamana na mabango waliyoyashona wenyewe. Ligi ya wasanii wanawake iliyoanzishwa mwaka 1907, Mary Lowndes akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilitengeneza mengi ya hayo. Mwaka 1912 wafungwa wa harakati hizo katika gereza la Holloway, London, walidarizi sahihi zao kwenye leso. Ufundi ambao walifundishwa ili wawe mabinti watulivu ndio uliotunza majina yao.

Upande wa chakula, mfano mzuri ni Georgia Gilmore wa Montgomery, Alabama. Wakati Wamarekani weusi walipogoma kupanda mabasi ya mji huo kwa sababu ya ubaguzi, kuanzia Desemba 1955, aliwakusanya wanawake wapike na kuuza vyakula na keki, na fedha zikalipia usafiri wa wagomaji. Kikundi kiliitwa "Club from Nowhere", yaani klabu isiyotoka popote: mtu akiuliza pesa zimetoka wapi, jibu ni "hazikutoka popote", na hakuna mchangiaji anayefukuzwa kazi. Gilmore mwenyewe alipoteza kazi yake ya upishi, akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mahali pa kulisha wanaharakati.

Nchini Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973, wanawake ambao waume na watoto wao walipotezwa na utawala huo walishona picha kwa vipande vya nguo juu ya gunia. Picha hizo, arpillera, zilisafirishwa nje kwa siri. Mara nyingine kitambaa kilitoka kwenye nguo ya aliyepotea. Wakaguzi waliona kazi za akina mama tu, na dharau hiyo ndiyo iliyozipitisha.

Katika sanaa, wimbi kubwa lilikuja miaka ya 1970 huko Marekani. Kati ya 1974 na 1979 msanii Judy Chicago na wasaidizi zaidi ya 400 walitengeneza meza ya pembetatu yenye nafasi 39, kila moja ya mwanamke wa historia, na vitambaa vilivyodariziwa kwa mtindo wa zama zake. Tangu 2007 ipo kwa kudumu katika Brooklyn Museum, New York. Lawama nazo zilifuata: wengi wa wasaidizi walijitolea bila malipo, na mwanamke mweusi wa Marekani aliyepewa sahani ni mmoja tu, Sojourner Truth.

Kwa nini kuchora huitwa sanaa na kudarizi huitwa kazi za mikono?

Tazama nani alikuwa anafanya nini. Shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 ilitangaza usawa, kisha ikawasukuma wanafunzi wanawake wengi kwenye karakana ya ufumaji. Huko huko Gunta Stölzl akapanda hadi kuiongoza, na Anni Albers, aliyekwenda pale bila hamu, mwaka 1949 akawa msanii wa kwanza wa ufumaji kupewa maonyesho yake peke yake katika Museum of Modern Art, New York.

Jikoni mchezo ni huo huo. Akipika kwa mshahara na kofia nyeupe, ni mpishi mkuu. Akipika kila siku, watu sita, kwa bajeti ya kubana, ni mama tu. Ukweli ni kwamba wa pili ana kazi ngumu zaidi: hachagui wateja, na menyu yake haiwezi kujirudia wiki nzima bila manung'uniko.

Na wale wanaojiita "wake wa jadi" mitandaoni, wakikanda unga kwa magauni marefu? Si kitu kile kile?

Mikono inafanya kitu kile kile, mkataba ni mwingine. Wao wanahubiri kwamba mwanamke amtegemee mume kwa fedha na kumwachia maamuzi. Angalia pia kwamba wengi wanaoonekana kwenye video hizo wana kipato kutokana na video zenyewe. Wana ajira, tena ya kazi nyingi. Anayewaiga bila kamera anabaki na unga bila kipato.

Sijawahi kushika sindano. Nianze na nini?

Anza na soksi iliyotoboka. Kutililia, yaani kuziba tundu kwa kufuma uzi juu yake, ni ufundi mdogo unaolipa haraka, hauhitaji mashine, na ukikosea umepoteza soksi ambayo ilishakwenda. Unahitaji uzi wenye unene unaokaribiana na wa soksi, sindano butu yenye tundu kubwa, na kitu cha mviringo cha kutanua kitambaa. Balbu iliyoungua inatosha kabisa.

Ivalishe soksi juu ya balbu, tundu likae kileleni, bila kulivuta. Anza kushona sentimita 1 nje ya tundu, mahali kitambaa bado ni imara. Anayeanzia ukingoni atakuta baada ya wiki mbili kiraka kimeng'oka na ukingo wake. Pitisha bandi ndogo ndogo juu na chini, mstari kando ya mstari, na ukifika kwenye tundu uache uzi ulale juu yake kama nyuzi za kitanda cha kamba. Kila unapogeuka mwisho wa mstari acha kitanzi kidogo, kama milimita 2, maana uzi husinyaa ukifuliwa. Kisha geuza upande: pita kwa mlalo, juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, na mstari wa pili ufanye kinyume chake.

Usifunge fundo. Fundo ndani ya kiatu hutoa lengelenge kabla ya saa sita mchana. Acha mkia wa sentimita 5 na uufiche kwa kuupitisha kwenye bandi zilizopo. Kiraka kikikunjamana, umevuta uzi mno; kikiwa na mapengo, mistari yako imeachana.

Rangi ya uzi ni uamuzi wako. Zamani sifa ya fundi ilikuwa kiraka kisionekane. Wengi sasa wanachagua rangi inayopiga kelele, ili ijulikane kwamba kuna mtu alikaa hapa nusu saa.

Nimefuata maelekezo ya sweta neno kwa neno na limetoka kubwa. Kosa liko wapi?

Hukufuma sampuli, au ulifuma kidogo mno. Kila mkono una mkazo wake. Tuseme maelekezo yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na wewe mkono wako umelegea, unatoa 20. Tofauti ya vitanzi viwili inaonekana si kitu. Lakini kifua cha vitanzi 220, badala ya kuwa na mzunguko wa sentimita 100, kinakuwa na 110. Umefuma sweta la mtu mwingine.

Fuma mraba wa sentimita 15, uufue na kuukausha kama utakavyofanya na sweta, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Kingo hudanganya. Vitanzi vikiwa vichache kuliko inavyotakiwa, shuka kwa sindano nyembamba zaidi kwa nusu milimita, vikizidi, panda. Usijaribu kukaza mkono kwa makusudi: utakumbuka kwa dakika kumi, na mgongo wa sweta utatofautiana na kifua.

Tunataka bango la maandamano. Tudarizi?

Kwa herufi kubwa, hapana. Kujaza herufi moja ya sentimita 15 kwa uzi ni kazi ya jioni nzima. Kata herufi kwenye kitambaa cha rangi nyingine na uzibandike kwa sindano. Kudarizi kuwekwe kwa mapambo madogo na majina.

Kwa bango la watu wawili chukua drili, yaani kitambaa kizito cha pamba, upana sentimita 150, kimo 90, na uongeze sentimita 10 juu na 10 chini za mifuko ya fimbo. Herufi yenye kimo cha sentimita 15 husomeka bila shida mita 18 hivi, mradi mguu wake uwe na unene wa sentimita 3. Ukiacha pambizo ya sentimita 10 kila upande, zinaingia herufi 10 au 11 kwa mstari, nafasi kati ya maneno ikiwa ndani ya hesabu. Hapa ndipo Kiswahili kinapotesa: "tunaheshimiana" peke yake ina herufi 14. "Kazi ya / nyumbani / ni kazi" inakaa vizuri katika mistari mitatu ya 7, 8 na 7.

Panga herufi kuanzia katikati ya mstari kwenda pande zote mbili. Wanaoanzia kushoto huishia na herufi ya mwisho iliyobanwa kama abiria mlangoni. Piga bandi ya kushikiza kwanza, simamisha bango ukutani, rudi nyuma hatua ishirini, ulisome. Makosa ya tahajia huonekana kwa mbali. Likikubalika, shona ukingo kwa mishono midogo ya nusu sentimita. Kitambaa kinachochopoka kikunje ukingo wa milimita 5 kwenda ndani, feliti haihitaji.

Upepo: weka fimbo ya chini pia. Watu hupenda kutoboa matundu ya kupitisha upepo. Hayapunguzi nguvu yake kwa kiasi cha maana, na huchanika.

Kuoka mkate nyumbani kunakomboaje mtu?

Kwenyewe hakumkomboi yeyote. Ila ni mfano mzuri wa kuona jinsi kazi ya nyumbani inavyojificha, kwa hiyo tuupitie.

Unga wa ngano gramu 500, maji mililita 325, chumvi gramu 10, hamira ya chenga gramu 5. Changanya, kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na linyooke bila kukatika. Funika liumuke mara mbili ya ukubwa wake, saa 1 hadi saa 1 na nusu kwenye chumba chenye joto la kawaida. Lifinyange, liache tena dakika 40, oka kwa nyuzi 220 kwa dakika 35. Maji yanayounguza kidole huua hamira. Mkate uliokatwa ukiwa wa moto hunata ndani kama haukuiva, hata kama umeiva. Subiri saa nzima.

Sasa hesabu. Mikono imefanya kazi dakika 25. Lakini mtu amefungwa nyumbani zaidi ya saa 3, kwa sababu donge halisubiri mkutano wala foleni. Ukimuuliza amefanya nini, atajibu "nimeoka tu", na anayesikia atahesabu zile dakika 25. Kuangalia chungu, kusubiri nguo zikauke na kukaa macho kwa ajili ya mtoto mwenye homa ni muda wa namna hiyo hiyo.

Dawa yake ya kiufundi ipo: punguza hamira hadi gramu 1, changanya usiku, acha mahali pa baridi kiasi kwa muda wa saa 10 hadi 12. Unga unafanya kazi wewe umelala. Dawa ya pili ni kwamba aliyebaki nyumbani leo asiwe ndiye atakayebaki kesho.

Mume wangu anapika Jumapili, na anapika vizuri. Inatosha?

Muulize nani alijua kwamba vitunguu vimekwisha. Kupika kuna sehemu tatu: kujua kinachohitajika, kupanga lini na kwa pesa gani, na kupika kwenyewe. Ya tatu ndiyo inayosifiwa mezani. Mwanamume akikabidhiwa ya tatu peke yake, mwanamke anakuwa msimamizi asiyelipwa wa mpishi anayeshangiliwa, na mara nyingi ndiye anayebaki na sufuria zilizogandiana.

Linalofaa zaidi ni kukabidhi kazi nzima, kwa mfano chakula cha jioni siku tatu za wiki, kuanzia orodha ya sokoni hadi sinki kavu. Wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya. Usiokoe. Ukimpokonya mwiko siku ya kwanza kwa sababu chumvi imezidi, umeichukua kazi tena, na safari hii kwa hiari.

Wavulana wafundishwe mapema. Mtoto wa miaka 8 anaweza kurudishia kifungo: uzi wa sentimita 50 uliokunjwa mara mbili, mishono minne hadi sita, njiti ya kiberiti kati ya kifungo na kitambaa ili kibaki na shingo, kisha uzungushe uzi kwenye hiyo shingo mara tatu na kufunga kwa nyuma. Bila shingo kifungo hakiingii tunduni kwenye kitambaa kizito, na hukatika upesi.

Watu wananiomba niwafumie bure, "kwa kuwa unapenda". Nijibu nini?

Jibu kwa karatasi. Andika saa kwenye simu kila unapokaa na kila unapoinuka. Bei ni saa mara malipo ya saa, jumlisha malighafi, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya sindano, umeme na uchakavu. Malipo ya saa yasishuke chini ya kima cha chini cha mshahara mahali ulipo. Muda wa kufumua makosa yako ya kujifunza usimtoze mteja. Muda wa kumbadilishia rangi aliyoikubali mwenyewe, mtoze.

Sweta la mtu mzima huweza kula saa 40 au zaidi. Ukipata bei inayotisha mbele ya ile ya kiwandani, usikate saa ili ufanane nayo. Sehemu ya pengo hilo ni kasi ya mashine, na sehemu yake huweza kuwa malipo madogo ya aliyeshona la kiwandani. Badili bidhaa: kofia ya saa 4 inauzika. Zawadi nayo ni zawadi, toa kwa moyo, lakini iandikie bei yake halisi kwenye daftari lako ili usijidanganye.

Je, hii si anasa ya wenye nafasi?

Mara nyingi ndiyo. Tazama kinachorudishiwa heshima: kudarizi, kufuma, kuoka, yaani vile vinavyopendeza pichani. Hakuna harakati ya kurudisha heshima ya kusugua choo. Anayefuma jioni kwa raha huenda ameajiri mwanamke mwingine afue na kudeki, na kama huyo hana mkataba, likizo wala siku ya mapumziko, ufeministi wa sebuleni umeishia mlango wa jikoni. Mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Anza na hilo kabla hujanunua uzi.

Vivyo hivyo kwa wanaoshonea viwanda wakiwa nyumbani kwao, wakilipwa kwa kipande. Wana mkataba wao, namba 177 wa mwaka 1996, ambao nchi zilizouridhia ni chache. Kwao sindano haikuwahi kuwa ishara ya kitu.

Tunataka kuanzisha kikundi. Tuwe wangapi?

Sita hadi kumi. Chini ya hapo, wawili wakikosa hakuna kikao. Zaidi ya hapo anayejifunza hapati mtu wa kumwangalia mkono. Saa 2 zinatosha, maana baada ya hapo viganja huanza kuuma. Kila dakika 20 achieni sindano na mkunjue vidole. Taa itoke upande usio wa mkono unaofanyia kazi.

La muhimu kuliko yote ni zamu ya chai, kufagia na watoto, iandikwe siku ya kwanza. Vikundi vya usawa vimevunjika kwa sababu wale wale wawili walikuwa wanaosha vikombe huku wengine wakijadili mgawanyo wa kazi.

Sipendi kupika wala kushona. Mimi si mfeministi kamili?

Wewe ni mtu asiyependa kupika wala kushona. Jifunze kifungo na mlo mmoja wa kukushibisha, kama anavyopaswa kila mtu mzima, basi.

Je, kazi yangu niitie sahihi?

Ndiyo, hata kitambaa cha meza. Majumba ya makumbusho yamejaa mablanketi ya viraka yaliyoandikwa "mtengenezaji hajulikani". Kata pamba nyeupe sentimita 8 kwa 5, andika jina lako lote, mahali, mwaka na aliyekufundisha au kikundi kilikotoka mchoro. Tumia uzi kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano itokee milimita 3 mbele, irudi ulipoishia, itokee tena milimita 3 mbele. Kalamu ya kitambaa nayo yafaa, mradi upitishe pasi kwanza na ujaribu kufua kipande. Kunja kingo, shona nyuma ya pembe ya chini, mahali ambapo mtu akitaka kulitoa jina itabidi afumue.